Deni la Kuku

Saa moja kasoro, sijatafuta kofia,
mlango unagongwa kwa fimbo.
"Umekufa?" anauliza Bi Somoe Nankonya.
"Bado."
"Basi fungua. Nimeamka bure."

Hivyo ndivyo kunavyokucha kwangu, hapa Tandahimba,
nyuma ya ghala la ushirika
ambamo kwa miaka thelathini na mmoja nilipima korosho za watu.
Niliandika kilo kwa wino wa buluu,
na hakuna aliyepita njia hii bila kuniita: Chilumba!
wengine kwa heshima, wengine kwa kudai gunia lililopungua.
Nilipostaafu nilirudi nyumbani na saa ya ukutani.
Jina nililiacha kwenye mizani.

Kisha Asumini akatangulia,
mwaka ule mvua ilipoyapukutisha maua ya mikorosho.
Nikapika uji wa mtu mmoja, ukazidi.
Nikapunguza unga, ukaungua.
Redio ikitaja bei ya mnada, naijibu;
siku nilipojikuta naitukana, nikaitoa betri
nikazianika juani.
Zilipata nguvu kabla yangu.

Watoto wako Dar, si wabaya.
Wanatuma pesa, simu inalia, inasema umepokea.
Haijapata kuniuliza nimekula nini.

Binti wa zahanati alinifunga mkono
kwa kile kitambaa kinachovimba, akaguna.
"Babu, unalala?"
"Nalala."
"Chumvi?"
"Nimepunguza."
"Unaongea na nani?"
Nikaangalia sakafu. Ilikuwa safi sana, sakafu ile.
Akanipa vidonge vya mwezi mzima.

Sasa huyu Somoe ni mtani wa ukoo wangu,
na msibani kwa Asumini alifanya kazi ya watani:
alivaa koti langu, akatembea kwa magoti yangu haya yaliyopinda,
akalia kwa sauti yangu, akapenga kamasi kama mimi,
mpaka wafiwa wakacheka, wakaziba midomo kwa khanga.
Mwisho akakaa katikati ya njia, akadai kuku.
Bila kuku, jeneza halipiti.
Nikaahidi kuku.

Miezi minne sikutoka ndani. Siku moja, fimbo mlangoni.
"Nimefuata kuku wangu."
"Sina."
"Basi nitakuja kesho."
Kesho akaja. Na kesho yake.
Akaanza kuja na ming'oko ya moto kwenye sahani ya bati,
ili, alisema, apate nguvu za kunidai.
Akanikokota mpaka kwa wabanguaji, wanawake kumi na mbili
vidole vimebabuka kwa mafuta ya korosho,
akawaambia, "Nimewaletea karani. Hajui kitu ila kuandika."
Sasa naandika hisa zao kila Jumatatu, kwa wino uleule,
na nikikosea sifuri moja, hiyo kelele utaisikia Newala.

Huu ni mwaka wa tatu.
Kuku wanauzwa, na pesa ninayo.
Silipi ng'o.
Nikilipa, atakuja kufanya nini?

Juzi kukakucha bila fimbo.
Saa moja. Saa mbili, jua limefika kwenye saa ya ukutani.
Nikavaa viatu. Kwake ni mbali, mchanga unameza mguu,
nilipumzika mara tano, mara mbili kwa kusingizia salamu.
Njiani nikanunua kuku, nikambana kwapani.

Nikagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi.
"Umekufa?"
Kimya. Kuku mwenyewe akanyamaza.
Halafu, kutoka kitandani, sauti ya makapi:
"Homa tu, mchawi wewe. Huyo ndiye kuku wangu?"
"Huyu wa mchuzi. Deni liko palepale."

Akajiinua kwa kiwiko, akaangalia viatu vyangu vilivyojaa mchanga.
"Umetembea mwenyewe toka ghalani?"
"Ulitaka nani anibebe?"
"Watani," akasema, akivuta shuka.
"Ila siku hiyo hutaiona njia.
Chinja, maji yako kwenye pipa."